Je, wajua kwa nini kupanua barabara hakumalizi foleni?

Barabara ya njia mbili imejaa magari, inapanuliwa kuwa ya njia nne. Kwa muda watu wanapumua. Miaka michache baadaye foleni imerudi, ila sasa magari yamesimama kwa safu nne. Wengi huwalaumu madereva wakaidi au wakandarasi, lakini jambo hili limechunguzwa kwa miaka mingi na sababu yake inaeleweka.

Tazama Katy Freeway, barabara kuu ya Houston nchini Marekani. Upanuzi wake ulikamilika mwaka 2008 kwa takriban dola bilioni 2.8, na kuna sehemu zilizofikia njia 26 ukihesabu na zile za pembeni. Pamoja na hayo, kati ya mwaka 2011 na 2014 muda wa safari ya jioni uliongezeka kwa karibu nusu au zaidi.

Magari hayo yalitoka wapi? Mengine yalikuwapo tangu zamani, ila hayakuonekana. Kabla ya upanuzi kuna aliyekuwa akitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri ili aiwahi foleni. Kuna aliyezungukia njia za ndani, aliyepanda basi, na aliyeona shughuli fulani haina haja ya kufuatwa mbali. Barabara ikifunguka, wa kwanza anatoka saa moja, wa pili anarudi barabara kuu, wa tatu anawasha gari lake, na wa nne anaona kumbe safari ile inawezekana. Kila mmoja amepiga hesabu yake vizuri, na barabara imejaa. Mwaka 2011 wachumi Gilles Duranton na Matthew Turner walichapisha utafiti kuhusu miji ya Marekani: njia za barabara kuu zikiongezwa kwa asilimia 10, jumla ya kilomita zinazoendeshwa nazo huongezeka kwa karibu asilimia 10.

Athari nyingine huja polepole, na kwangu hiyo ndiyo nzito zaidi. Miaka ya 1970 mtafiti Yacov Zahavi aligundua kwamba watu wa miji tofauti kabisa hutumia, kwa wastani, karibu saa moja kwa siku wakiwa safarini. Kwa hiyo mtu akipewa barabara ya kasi, mara nyingi haokoi muda. Anatafuta kiwanja mbali zaidi, ambako bei ni nafuu. Nyumba zinamfuata, kisha maduka yenye uwanja mkubwa wa magari, kisha shule ambayo mtoto hawezi kuifikia kwa miguu. Kwa kuwa nyumba ziko mbalimbali, basi halipati abiria wa kutosha, safari zake zinapunguzwa, na waliokuwa wakilitegemea wanalazimika kununua magari. Mji umetanuka, na foleni imeufuata hukohuko.

Ndiyo maana swali lenye manufaa ni namna ya kupunguza safari za gari zenyewe. Habari njema ni kwamba hazihitaji kupungua sana. Njia moja ya barabara kuu hupitisha takriban magari 2,000 kwa saa yakiwa yanatembea vizuri. Yakibanana, dereva mmoja anagusa breki, wa nyuma yake anakanyaga zaidi, anayefuata anasimama kabisa, na wimbi hilo linarudi nyuma hata kama hakuna ajali. Barabara iliyoganda hupitisha magari machache kuliko inayotembea, hivyo ukiondoa sehemu ndogo tu ya magari, yaliyobaki yanaanza kwenda.

Stockholm, mji mkuu wa Sweden, ililijaribu hili kwa vitendo kuanzia Januari 2006. Kamera kwenye viingilio vya katikati ya mji zilisoma namba za magari, na mwenye gari alitozwa kronor (sarafu ya Sweden) 10 hadi 20 kulingana na saa. Usiku na mwisho wa wiki ilikuwa bure. Magari yaliyovuka mpaka huo yalipungua kwa karibu moja ya tano, na muda wa kukwama kwenye foleni ukashuka zaidi ya hapo. Jaribio lilipoisha mwishoni mwa Julai, magari mengi yakarudi. Septemba wakazi wa jiji, ambao wengi wao awali waliipinga tozo, walipiga kura na kuikubali kwa wingi mdogo. Tangu Agosti 2007 ni ya kudumu.

Wanaopinga husema tozo inamwumiza mwenye kipato kidogo. Ni hoja ya haki, na jibu lake liko kwenye basi. Maskini zaidi mara nyingi hana gari. Yuko ndani ya basi lililokwama katikati ya magari ya wengine. Lakini tozo isiyo na usafiri mbadala ni adhabu tupu. London ilipoanza kutoza pauni 5 kwa siku mwezi Februari 2003, iliongeza mabasi, na mapato yakaelekezwa kwenye usafiri. London hiyohiyo iliacha mwanya: magari ya kukodi yenye dereva, yale yanayoagizwa kabla, hayakulipa, yakaongezeka sana, na msamaha wao uliondolewa mwaka 2019 tu.

Liko pia suala la maegesho, ambalo halipati uzito linaostahili. Miji mingi humlazimisha anayejenga kuweka idadi fulani ya nafasi za magari. Nafasi moja, pamoja na sehemu ya kugeuzia, hula takriban mita za mraba 25 au zaidi, kubwa kuliko eneo la meza ya mfanyakazi anayeegesha hapo. Gharama yake huingizwa kwenye kodi ya nyumba na bei za bidhaa, hivyo aliyekuja kwa miguu naye anailipia. Majengo nayo yanasukumwa mbalimbali, na kutembea kunazidi kuwa kugumu. Mji wa Buffalo, jimboni New York, ulilifuta sharti hilo mwaka 2017, na karibu nusu ya miradi mikubwa ikajengwa na nafasi chache kuliko zilizodaiwa zamani. Curitiba, nchini Brazil, ilianzia upande wa pili. Tangu mwaka 1974 iliyapa mabasi njia zake yenyewe katika barabara kuu, kisha sheria za ujenzi zikaruhusu maghorofa marefu kandokando ya njia hizohizo, ili penye watu wengi ndipo basi lipite.