Viwanja vidogo vya mbio haviuawi na ukosefu wa mashabiki pekee

Wengi huamini kwamba viwanja vidogo vya mbio za magari Marekani, vile ambavyo mzunguko wake haufiki maili 1, hufungwa kwa sababu watu wamevichoka. Mara nyingi tatizo ni ardhi. Irwindale Speedway, karibu na Los Angeles, ulifungwa Desemba 2024 ili eneo lake lijengwe majengo ya viwanda. Tiketi za Jumamosi usiku haziwezi kushindana na bei ya ardhi huko.

Uwanja wa North Wilkesboro, jimbo la North Carolina, ni kisa cha kuudhi zaidi. Ulifunguliwa 1947, ukapoteza mbio za NASCAR, shirika kubwa la mbio za magari Marekani, baada ya 1996 kwa sababu wamiliki wapya walitaka tarehe zake kwenye kalenda, si lami yake. Tarehe moja ikahamishiwa uwanja wa New Hampshire, nyingine wa Texas. Uwanja ukaota magugu. Jimbo lilipotenga dola milioni 18 za kuufufua, NASCAR ilirudi 2023 na majukwaa yakafurika. Hao mashabiki "waliochoka" walitoka wapi?

Gharama zinaumiza pia, sikatai: bima, matairi, injini. Madereva wengi wa viwanja hivi vidogo hujilipia wenyewe, na zawadi ya ushindi mara nyingi haifidii hata matairi.