Kuingiza folda si kuiunganisha: dhana tunazokutana nazo Lamu

Hapa Langoni tuko vijana wanne tunaokusanya maneno ya Kiamu: ndia kwa njia, mato kwa macho, ndoo kwa njoo. Kila herufi ina faili yake ya maandishi, na zote tunaziweka kwenye mfumo wa kudhibiti matoleo ili ijulikane nani kabadilisha nini, na lini. Kila anayejiunga nasi huja na dhana zilezile.

Dhana: ukishaingiza folda, imeungana na ripo (ghala linalotunza matoleo yote ya faili).

Hii ndiyo iliyotuumiza zaidi. Anayetumia Subversion, mmoja wa mifumo hiyo, huandika `svn import maneno`, anwani ya ripo, kisha `-m` na ujumbe wake. Teminali, lile dirisha la kuandikia amri, inataja faili mojamoja kwa neno Adding, halafu inamaliza: Committed revision 1. Ukiona hivyo unadhani kazi imekwisha. Kumbe amri hiyo imepeleka nakala tu. Folda uliyoanza nayo haikuguswa, haina ndani `.svn` (folda iliyofichika inayoiunganisha na ripo), wala haijui kama ripo ipo.

Mwenzetu alisahihisha herufi M wiki mbili nzima humo humo. Alipoandika `svn status` akajibiwa kwamba ile si folda ya kazi. Masahihisho yake yalikuwepo, lakini nasi tulikuwa tumeibadilisha faili ileile upande wa pili, na jioni nzima ikaishia kulinganisha mstari kwa mstari. Baada ya kuingiza, fanya papo hapo `svn checkout`, amri inayokupa nakala iliyoungana na ripo, ufanyie kazi kwenye folda mpya, na ile ya zamani uibadilishe jina usije ukairudia kwa mazoea.

Git, mfumo mwingine wa aina hiyo, haiko hivyo. `git init` huweka `.git` ndani ya folda yako mwenyewe, nayo ikawa ndiyo ripo. Ndiyo maana aliyezoea Git hunaswa haraka kwenye Subversion.

Dhana: kila kilichomo kitaingia.

`svn import` huruka kimya kimya majina kadhaa, kama yanayoishia kwa `.o` au `~`, mpaka uongeze `--no-ignore`. Git nayo haitunzi folda tupu. Tia faili ndogo ndani.

Dhana: ukikomiti (ukirekodi mabadiliko yako kwenye ripo), kazi iko salama.

Kwenye Subversion, `svn commit` inakwenda moja kwa moja hadi kwenye seva. Kwenye Git, komiti inabaki ndani ya laptopu yako mpaka ufanye `git push`, yaani uisukume hadi kwenye seva. Fikiria laptopu hiyo ndani ya boti ya kwenda Mokowe, mawimbi yakirusha maji. Mimi sipandi boti kabla ya kusukuma kazi.

Dhana: ukiifuta faili, imetoka.

Tulirekodi mazungumzo na bibi mmoja wa Mkomani, tukaikomiti faili yote. GitHub, tovuti ya kuhifadhi ripo za Git, haipokei faili inayozidi MiB 100, ikatukatalia. Tukaifuta kwa `git rm`, tukakomiti tena, ikakataa vilevile, kwa sababu komiti ya kwanza bado ilikuwa imeibeba. Tulichofanya ni `git reset --soft origin/main`, amri iliyotengua komiti ambazo hazijasukumwa bila kugusa faili nyingine, tukakomiti upya pasipo faili ile. Kama ilishasukumwa, itabidi uisafishe historia kwa `git filter-repo` na kuwaarifu wenzako wote wachukue nakala mpya. Na ikiwa kilichovuja ni neno la siri, libadilishe kwanza hilo neno, kabla hujaigusa historia.