Je, wajua maji hufikaje kwenye kilele cha mti mrefu?

Mti hauna moyo wala pampu. Hata hivyo, mti mrefu kuliko yote unaojulikana, ulioko California, Marekani, hufikisha maji zaidi ya mita 115 juu.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba maji hujipandia tu ndani ya mirija myembamba, kama mafuta kwenye utambi. Kanuni hiyo ni ya kweli. Hesabu ndiyo inayoonyesha kwamba haitoshi. Mrija wa zailemu, yaani tishu inayopandisha maji ndani ya mmea, wenye upana wa mikromita 50 (sehemu ya ishirini ya milimita) huweza kuinua maji kwa njia hiyo kama sentimita 60 tu. Mizizi nayo husukuma, hasa usiku, ndiyo maana mimea mingine huamka na matone kwenye kingo za majani, lakini nguvu yake huishia mita chache. Na kunyonya? Unaponyonya kinywaji kwa mrija, hewa ya nje ndiyo inayokisukuma kupanda, na hewa haiwezi kuinua maji kupita mita 10 hivi.

Basi maji huvutwa. Mwaka 1894 Henry Dixon na John Joly, wakiwa Dublin, walieleza kwamba maji ndani ya mti ni kama kamba. Molekuli zake zimeshikana toka jani hadi mzizi. Jua likikausha jani, maji yaliyobaki hujikunja ndani ya vitundu vya kuta za seli, vidogo vya kupimwa kwa nanomita, na kadiri kitundu kilivyo kidogo ndivyo uso wa maji hayo unavyovuta kwa nguvu. Molekuli moja ikitoka, ya nyuma yake hupanda.

Ukikata kitawi, kamba hukatika na maji hurudi ndani. Mwaka 1965 Per Scholander na wenzake walifungia vitawi kwenye chombo cha gesi, ncha iliyokatwa ikichungulia nje, wakaongeza kanieneo polepole hadi tone likang'aa kwenye mkato. Kanieneo hiyo ndiyo kipimo cha mvutano uliokuwamo. Kwa mikoko ilizidi mara 30 ya ile ya hewa!

Ukame ukizidi, kamba hukatika yenyewe: kiputo huzuka na kuziba mrija. Mwaka 1966 watafiti walitega kinasa mtetemo kwenye vikonyo vya mbono uliokuwa ukinyauka, wakasikia mirija ikialika mmoja baada ya mwingine. Kama mti huweza kuijaza tena ilhali mirija ya jirani bado inavutwa, wanasayansi hawajaafikiana.