Pesa Hazikumwishia Kurosawa

Kila muhula nikionyesha Kagemusha, filamu ya Mjapani Akira Kurosawa kuhusu mwizi anayefanana na mtawala Takeda Shingen na kuwekwa mahali pake anapokufa, taa zikiwashwa tu mkono unanyanyuka: "Mwalimu, mbona vita yenyewe ya mwisho hatukuiona? Bajeti iliisha?" Safari hii wameuliza watatu darasa moja. Nimechoka kujibu kwa mdomo.

Kweli pesa zilisumbua. Toho, kampuni ya Japani iliyoitengeneza, walikwama, mpaka waongozaji wa Marekani George Lucas na Francis Ford Coppola wakawashawishi studio ya 20th Century Fox kuziba pengo. Lakini anayedhani farasi walipungua arudie kuangalia: wapanda farasi wanapita mbele yako wimbi baada ya wimbi. Kilichofichwa ni kuuawa kwao tu. Unasikia magobore, unaona nyuso za majemadari zikinywea, kisha uwanja mzima wa farasi wanaogaagaa. Huo ndio ubahili?

Tena si hapo tu. Shingen akipigwa risasi hatumwoni akianguka. Baadaye mpigaji anaeleza alivyoitegesha bunduki mchana ili afyatue gizani. Kwenye pigano la usiku, kamera imekaa na mwizi kwenye kigoda chake. Askari wanakufa wakimkinga, naye haruhusiwi kutikisika, maana Shingen ndiye mlima na mlima hausogei. Basi mwisho nao tunauona kutoka alipo yeye, anayewatazama wenzake wakiisha. Mwenye hamu ya mapanga atafute filamu nyingine.

Wengine husema mwizi aliwalaghai wote. Wapi! Majemadari ndio waliompanga, baada ya Nobukado, mdogo wake Shingen, kumwokoa asisulubiwe. Mjukuu wa Shingen alimshtukia siku ya kwanza, na farasi wa Shingen akamwangusha na kumuumbua kabisa.

Wapo pia wanaoichukua kama somo la historia. Shingen alikufa 1573 na vita ya Nagashino, ile ya mwisho wa filamu, ilipiganwa 1575, sawa. Mwizi ni wa kubuni, risasi ni simulizi (wanahistoria wengi wanataja maradhi), na ukoo wa Takeda haukuishia uwanjani pale: Katsuyori, mwanawe Shingen, alidumu hadi 1582.

Na hapana, Tatsuya Nakadai, mwigizaji mkuu, hakuwa na pacha. Mtawala na mwizi ni yeye yule, aliyeingia baada ya Shintaro Katsu kuondoka kwa ugomvi na Kurosawa. Watazame wakiwa wameketi pamoja mwanzoni, kamera imetulia tuli kwa dakika kama sita. Najua mnaziruka hizo. Msiziruke, na msiitazame kwenye simu.