Jibini zinazonuka na wajawazito: maswali ninayoulizwa kila siku kliniki

Jamaa wanaofanya kazi mahotelini Nungwi na Paje, huku Zanzibar, wanarudi na vipande vya jibini za Kizungu vilobaki bufee, zile zenye harufu kali, na nyumbani yupo mke au wifi ana mimba nae anakula. Haya nayajibu kwa pamoja.

Inanuka vile kwa nini, imeoza?
Haijaoza. Jibini kama Limburger, Munster na Époisses zinaoshwa mara kwa mara kwa maji ya chumvi, kwenye ganda anaota bakteria anaitwa Brevibacterium, na jamaa zake wa karibu ndo wanaokaa kwenye ngozi ya miguu yetu, kwa hiyo ukisema inanuka soksi hujakosea. Hata mbu wa malaria watafiti walimkuta anaifata Limburger kama anavyofata miguu ya mtu, wakapewa ile zawadi ya mzaha ya Ig Nobel mwaka 2006. Na Époisses, Waislamu wenzangu, inaoshwa kwa pombe ya zabibu, hilo sijui kama hotelini mnaambiwa.

Sasa watu wanapendea nini?
Ni kama tunda la doriani tu, mmoja anakimbia harufu mwengine anasubiri msimu. Ganda linanuka, ndani laini, ina mafuta na chumvi, ikishaingia kinywani unasahau pua ilisema nini. Mtu mzima mwenye afya yake ale, sina ugomvi nae.

Mjamzito je, kidogo tu?
Hapana. Hata kuonja hapana. Kuna bakteria anaitwa Listeria, anapenda jibini laini zenye unyevu khasa za maziwa mabichi, na friji haimzuii, anaendelea kuzaliana humo humo kwenye baridi. Mjamzito anampata kirahisi kuliko watu wengine na anapita kwenye kondo mpaka kwa mtoto. Mimba inaharibika, au mtoto anazaliwa ameshafariki, au anazaliwa mgonjwa sana. Kumenya ganda hakusaidii kitu.

Lakini nimeinusa, iko sawa.
Listeria haina harufu! Jibini inayonuka sana inaweza kuwa salama na isonuka kabisa ikawa nae. Pua si maabara jamani. Na hiyo yako imekaa mezani asubuhi nzima, halafu ikapanda daladala ya 116 ndani ya mfuko wa plastiki mpaka mjini na jua lote lile.

Nilipata homa kidogo na viungo kuuma, nikanywa panadol ikashuka. Bado nije?
Njoo. Hapa ndo mnaponichosha, mtu ana mimba ana homa siku ya nne anasema ni mafua, au bibi kamkanda, anakuja mtoto ameshaacha kucheza. Listeria kwa mama inaanza kama mafua tu, panadol inashusha joto, bakteria yupo pale pale. Mimba na homa ni kituo cha afya leo, si kesho, si mpaka mume arudi zamu. Utapimwa malaria, mkojo na damu, na useme ulikula nini maana daktari hawezi kukisia. Dawa ya antibayotiki ipo, ila inataka uwahi.

Nilikula mwezi uliopita, si imeshapita hiyo?
Haijapita. Inaweza kuchukua mpaka siku 70 kujitokeza. Huna homa, tulia. Ukipata homa, rudi jibu la juu usome tena.

Basi nile jibini gani?
Ile ngumu kama cheddar, au ile ya pembetatu ya dukani. Ya laini ipikwe mpaka ifuke moshi, si kupashwa tu.

Na maziwa ya ng'ombe wa jirani, tumeyanywa mabichi toka utoto?
Yachemshe mpaka yafure. Humo kuna na brusela pia, homa ya kuja na kuondoka miezi. Ukitaka mtindi chemsha kwanza, yapoe, ndo ugandishe.