Nvidia na AMD kwenye vita ya bei: yanayosemwa na yaliyotokea kweli

Kuna maneno yanarudiwa sana kuhusu bei za kadi za grafiki (zile zinazochora picha za gemu kwenye kompyuta, ambazo Nvidia na AMD ndo wanashindana kuziuza) mpaka yamezoeleka kama ukweli, na anayeyafuata ndo anapigwa dukani.

La kwanza, na hili linaniuma kweli: "AMD anauza bei chee kwa sababu kadi zake ni za hovyo." Hapana jamani. Mwaka 2008 mwezi wa 6 Nvidia alitangaza GTX 280 kwa dola 649 na GTX 260 kwa dola 399, huko juu yuko peke yake. Siku chache tu baadae AMD, ambaye alishainunua ATI, kampuni ya kadi za grafiki, tangu 2006, akashusha Radeon HD 4870 kwa dola 299, na kwenye gemu nyingi ilikuwa inakimbizana na GTX 260 bega kwa bega, kwingine inaipita kabisa. Siri ilikuwa ukubwa wa chipu. Ya Nvidia ilikuwa milimita za mraba 576, ya AMD 256 tu, na pesa yote iko hapo, maana chipu zinakatwa kwenye sahani ya silikoni ambayo kiwanda kinakuuzia nzima nzima, sasa ukikata vipande vidogo unapata vingi na vibovu vinakuwa vichache, mwenye vipande vikubwa kila akishusha bei anakula faida yake mwenyewe. Haukupita mwezi, GTX 280 ikashushwa mpaka dola 499 na GTX 260 mpaka 299. Yaani dola 150 zimekatika hivi hivi, kisa kadi moja ya mpinzani!

Kingine, "kampuni zikiwa zinashindana basi bei zote zitashuka." Zinashuka pale wanapokutana tu. RTX 4090 ilitoka 2022 kwa dola 1,599, AMD hakuwa na kadi ya kuigusa, kwa hiyo Nvidia hakuwa na sababu ya kuhangaika. Ila RTX 4080 ya dola 1,199 ilikutana na RX 7900 XTX ya AMD ya dola 999, na Januari 2024 Nvidia akaleta 4080 Super, toleo lililoboreshwa, kwa dola 999 hizo hizo.

Wengine wanaamini bei ya kutangazwa ndo utakayolipa. Waliotafuta RTX 3080 ya Nvidia wanajua, ilitangazwa dola 699 mwaka 2020, halafu walanguzi na wachimbaji wa Ethereum (sarafu ya kidijitali iliyokuwa inachimbwa kwa kadi za grafiki) wakaivamia ikawa inauzwa hadi zaidi ya mara mbili. RX 6800 XT ya AMD ya dola 649 nayo ilikuwa haishikiki. Mzigo ukiwa hautoshi, wapinzani hawana haja ya kupunguziana bei, kila kinachotoka kinanunuliwa, na hapo hata ziwe kampuni tano hupati nafuu.

Halafu kuna wale wanaodhani bei ikishatangazwa imetangazwa. AMD alitangaza RX 5700 XT mwaka 2019 kwa dola 449, Nvidia akajibu na zile RTX za Super, 2060 Super ikiwa dola 399, basi AMD akakata mpaka 399 siku mbili tu kabla kadi haijaingia sokoni Julai 7. Yaani kadi ya kawaida ilifika dukani ikiwa 399, siyo ile 449 iliyotangazwa.