Shadda ya Kiingereza haikai pale pale kama ya Kiswahili

Nasomesha Kiingereza vijana wanaotembeza wageni kwenye mashamba ya viungo, Kizimbani na Kidichi, Unguja. Juzi mmoja kabandua gome la mdalasini, akamwambia mgeni "cinNAmon" mara tatu, shadda (mkazo wa sauti, hapa kwa herufi kubwa) ikiwa kwenye silabi ya pili. Mgeni hakuelewa mpaka aliponusa. Nikamuuliza kijana kwa nini, jibu likawa lile lile la kila mwaka: "Mwalimu, si silabi ya pili kutoka mwisho?"

Hapana, jamani! Hiyo ni kanuni ya Kiswahili: NYUmba, nyuMBAni. Kiingereza kinasema CINnamon, CARdamom, TURmeric, zote mwanzo. Wanaowaponza ni vanilla na nutmeg, maana hizo kweli zinaangukia ya pili kutoka mwisho: vaNILla, NUTmeg. Mtu akishapatia mbili hizo, basi kila neno analipeleka huko. Na shadda ikikosewa, neno zima linaharibika, kwa sababu Waingereza hufifisha irabu za silabi zisizo na shadda. Sisi twazitamka zote kamili.

Kwa maneno marefu, tizameni mkia. Likiishia -tion au -ic, shadda iko kwenye silabi inayotangulia mkia huo: planTAtion, accommoDAtion, aroMATic. Likiishia -ity, vivyo hivyo: huMIDity. Turmeric na Arabic zimekaidi, zihifadhini tu. Na mkia ukibadilika shadda inahama: PHOtograph, lakini phoTOgrapher, kisha photoGRAPHic. Mgeni anayepiga picha atakufurahia ukimpatia hilo la pili.

Wengine huhesabu irabu zilizoandikwa. Ndiyo maana cloves, silabi moja tu, kwao inakuwa "klo-ve-si". Vegetable kwa kawaida ni tatu, si nne. Hesabu zinazosikika. Mbona mbwa ina irabu moja na silabi mbili, na hakuna aliyekosea kuitamka?

Kwenye kamusi nyingi, kile kijistari cha juu hukaa kabla ya silabi yenye shadda, si baada yake. Wala shadda si kupiga kelele: silabi inarefuka kidogo na sauti inapanda.

Mimi nawagunisha, midomo imefungwa. Cinnamon ni MMM-mm-mm. Vanilla ni mm-MMM-mm. Ukiguna yote mawili yakasikika sawa, bado hujalipata; rudia kabla wageni hawajashuka garini.